Chunjua ya Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Jumatatu ya chunjua. Watu kumi na wanne! Mtungi wa naitrojeni ulifika saa mbili na nusu asubuhi, unafuka moshi wa baridi, na foleni ilishatoka nje ya mlango wa zahanati. Kazi yenyewe haina siri. Chovya kijiti cha pamba, bana juu ya chunjua, hesabu mpaka kumi, "pole", mwingine aingie.

Yule mwanafunzi mwenye chunjua saba magotini alikuja. Kila moja kaipa jina la mwalimu wake. Leo Mwalimu wa Hesabu kadondoka. Nilicheka hadi nikapotea kwenye kuhesabu.

Halafu akaingia Mjomba.

Hii ni mara ya kumi na moja tangu mwezi wa kumi. Mimi ndiye niliyemburuta kuja. Alikuwa anasema ni kijichunjua tu kando ya kucha, dole gumba la kulia, hakina miaka mingi — minne! — na kinyozi hawezi kufunga duka kwa ajili ya kijichunjua. Nikamwambia Mjomba, mara tatu nne tu nitakigandisha, utakisahau. Maneno yangu hayo.

Leo nilipokwangua juu, damu. Si ya matone. Imechuruzika mpaka kifundo cha mkono. Na si leo tu, inatoka tangu Januari.

Daktari alichungulia mlangoni, miwani kichwani. Akasema chunjua za kando ya kucha ni bishi, Sista, kaza uzi. Akaenda.

Mjomba alipotoka, kwenye faili, mstari wa leo, nikaandika: *Hakuna mabadiliko.*

Kwa nini niliandika hivyo?

Alhamisi, 6 Machi

Nimefukua kitabu changu cha chuo chini ya nguo za watoto. Ukurasa wa chunjua. Mambo yote ninayoyajua: virusi, asidi ya kupaka, kugandisha, nyingi huondoka zenyewe. Halafu chini kabisa, maandishi madogo. Mtu mzima. Moja tu, haiponi. Inatoa damu. Kucha inapasuka au kuinuka. *Ikatwe kipande, ikapimwe.*

Nimeusoma mara tatu. Mara ya nne Baba Mapacha akakinyakua kitabu. Akasema Mama Mapacha, zahanati iache zahanati, hapa kuna sufuria linaungua.

Kweli lilikuwa linaungua.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nilikuwa nimejipanga. Nilisema moyoni: akija tu, kabla ya kushika kijiti, ninampeleka kwa Daktari mwenyewe, nimemshika mkono.

Akaja. Kajifunga kitambaa cha dukani kwenye kidole, kile cha kufutia povu. Nikakifungua. Kucha imeinuka upande mmoja, chini yake nyama mbichi, na harufu. Harufu, Mungu wangu! Yeye anatania — eti Sindano, nisamehe, leo sijakiogesha.

Sindano ni mimi. Aliniita hivyo tangu nilipoenda chuo cha uuguzi, na kabla ya hapo aliniita Mama, kwa sababu mama yangu alipofariki ni yeye aliyenichukua. Kaka wa mama. Chumba nyuma ya duka la kunyolea, kitanda changu, kitanda chake, pazia katikati.

Nikamwambia asubiri. Nikagonga kwa Daktari. Ana mgonjwa, simu inaita, karani wa mapokezi anamletea fomu za kusaini. Nikasema: "Dokta, ile ya Mjomba naomba uikate kipande ipimwe."

Hakuinua kichwa. "Sista, nimeona chunjua miaka thelathini na mmoja."

"Inatoa damu. Kucha imeinuka."

"Unaikwangua na kuigandisha kila wiki mbili, unataka itoe nini, maziwa?" Mgonjwa akacheka. Hata mimi nikatabasamu. Nikatabasamu!

Nikarudi. Nikagandisha. Nilipofika sita Mjomba machozi yakamtoka. Mtu ambaye sikumwona akilia hata siku ya mazishi ya dada yake.

Nikaandika: *Hakuna mabadiliko.* Daktari alikuwa ananiangalia kupitia mlango ulio wazi. Si kisingizio. Mkono ni wangu.

Jumanne, 18 Machi

Nimepita dukani baada ya kazi. Mjomba anashika mashine kwa mkono wa kushoto. Wembe hashiki kabisa. Mteja wake wa miaka yote, fundi viatu, kakaa na ndevu nusu, sikio limebandikwa plasta. Wembe ulimponyoka.

Fundi viatu anasema si kitu, sikio lenyewe alikuwa halitumii, mkewe ndiye anayeongea.

Wamecheka wote wawili. Mimi nimetoka nje nikaegemea ukuta.

Ijumaa, 28 Machi

Siku kumi sijaandika. Sili vizuri. Mapacha wanagombana nawaangalia tu. Nikiosha vyombo naona kidole. Nimemwambia Baba Mapacha habari ya kidole, akasema kwani wewe ni daktari? Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kweli.

Jumatatu anarudi.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekataa.

Mjomba kakaa kitini, kanyoosha mkono, mtungi unafuka, na mimi nimeweka kijiti chini. Nikamwambia sigandishi. Akashangaa. Nikatoka koridoni, nikamkuta Daktari, na sauti yangu ikapanda — sikujua kama nina sauti hiyo. Watu wa foleni wote wakageuka. Nikasema hiyo si chunjua. Nikasema imeandikwa kitabuni. Nikasema kama ni baba yako ungeikata!

Daktari huyu si mtu mbaya, lazima niandike hilo. Mama yangu alipokuwa anakata roho alikaa naye mpaka asubuhi, viatu kavua. Kazi hii alinipa yeye. Akasema kwa upole, na upole huo uliniumiza kuliko kofi:

"Sista, umechoka. Nitafanya mwenyewe."

Akafanya mwenyewe. Hakuhesabu kumi. Alihesabu thelathini. Mjomba aliuma ukosi wa shati lake. Mimi nilimshika mkono mwingine, wa kushoto, ule ambao sasa anajifunzia kazi.

Kwenye faili Daktari hakuandika kitu. Mstari mweupe.

Mjomba akiondoka ameniambia nisigombane na mkubwa wangu kwa ajili yake. Kidole tu, mwanangu. Kidole tu!

Jumatano, 2 Aprili

Nimefanya kitu.

Daktari alikwenda mkutanoni, harudi mpaka saa tisa. Fomu za rufaa ziko kwenye kabati. Muhuri uko kwenye droo yake ya juu, haifungwi. Nikajaza: kwa daktari wa ngozi, hospitali kuu. *Uvimbe kando ya kucha, miaka minne, unatoa damu, kucha imeinuka, haujapona kwa kugandishwa mara kumi na tatu. Naomba ukatwe upimwe.* Mara ya kwanza nimeandika nilichokiona. Maneno yalikuja yenyewe.

Saini nimeiga. Muhuri nimegonga. Sauti yake — kama nimefunga mlango wa gereza.

Nikageuka. Karani wa mapokezi amesimama na chai.

Yeye akaweka chai mezani, akasukuma droo ikafunga, akasema yeye hapa kaajiriwa kuangalia foleni, na foleni haijapita humu. Kisha akapiga simu hospitali kuu mwenyewe. Akawabembeleza, akawadanganya kidogo, akapata nafasi: tarehe kumi na moja.

Kufukuzwa ni lazima. Labda na leseni wataichukua. Baba Mapacha sijamwambia.

Ijumaa, 11 Aprili

Daktari wa ngozi ni mwanamke, mdogo kwangu. Chumba chake kina taa inayovutwa kama shingo ya korongo. Mjomba alianza utani — kwamba yeye ananyoa vichwa vya watu bure wakiwa warembo. Daktari alitabasamu, akavuta taa, akaangalia kidole.

Tabasamu likaondoka. Si pole pole. Likaondoka tu.

Nilijua hapo hapo. Ningeweza kwenda nyumbani.

Akampiga ganzi, akakata kipande, akakitia kwenye kichupa. Akamkandamiza kwapa kwa vidole, kwa muda. Kisha akafungua nakala ya faili letu tuliyokuja nayo. Akasoma kwa sauti, kama mtu anayejisomea: "Hakuna mabadiliko. Hakuna mabadiliko. Hakuna mabadiliko…" Akahesabu kwa kalamu. Mara kumi na moja. Akauliza, bila kumwangalia mtu, nani alikuwa anaandika haya.

Mjomba akasema madaktari, si unawajua, wanaandika huku wanaongea na simu.

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nimeshika koti la Mjomba. Nikalikunja mara mbili.

Jumanne, 22 Aprili

Saratani ya ngozi. Imekula mpaka mfupa.

Dole gumba linakatwa kutoka shinani. Ijumaa. Kwapani kuna tezi imevimba, watatoa na hiyo wakaipime. Hawasemi zaidi. Nikamuuliza daktari wa ngozi pembeni: kama ingekatwa Januari? Akasema maswali hayo hayamsaidii mgonjwa. Basi nimejibiwa.

Tulipofika dukani Mjomba akakaa kwenye kile kiti chake kinachozunguka, akajitazama kwenye kioo. Akasema wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. "Basi mimi na chawa kuanzia Ijumaa ni ndugu."

Akangoja nicheke. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikapiga magoti pale kwenye nywele za watu.

Akanipapasa kichwa kwa mkono wa kushoto. Akasema nyamaza, Sindano. Wewe ndiye uliyeniokoa. Ungewaachia wao ningeoza.

Mungu, nichukue mimi.

Jumatano, 23 Aprili

Daktari ameniita. Hospitali kuu walimpigia kumshukuru kwa rufaa yake nzuri!

Fomu iko mbele yake, saini yangu mbaya, muhuri wake. Nikasimama kama mtoto wa shule. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akajisugua macho, na nikaona mikono yake. Inatetemeka. Sijui tangu lini. Sijui kama ndiyo sababu hakutaka kushika kisu. Sijui.

Akasema hataniripoti kuhusu muhuri. Nimshukuru Mungu kwamba mmoja wetu alitumia akili. Nikaanza kulia, nikasema asante Dokta.

Akasema: "Lakini wakija kuuliza, Sista — na watakuja — mimi nitawaambia nilifuata faili. Faili linasema hakuna mabadiliko. Miezi mitano. Na mwandiko ni wako."

"Nilikuambia kwa mdomo, Dokta. Mara mbili."

"Mdomo hauna tarehe."

Alisema hivyo kwa huzuni. Naamini alikuwa na huzuni. Kisha akaniambia nikamwite mgonjwa anayefuata, na mimi nikaenda nikamwita.

Ijumaa, 25 Aprili

Wamekata. Imechukua saa moja na dakika arobaini. Ameamka, kaomba maji, kauliza kama kidole wamekitupa au wamekizika.

Jumatatu, 28 Aprili

Jumatatu ya chunjua tena. Maisha! Wagonjwa tisa. Yule mwanafunzi kapona magoti yote mawili, kaniletea mchoro wa goti likiwa na uso unaotabasamu.

Mzee mmoja wa makamo, mgeni kabisa, ana kitu kando ya kucha ya mguu. Miaka miwili. Nimekiangalia kwa tochi, mbele, nyuma, nikauliza damu, nikauliza maumivu, nikaandika mistari minane kwenye faili. Minane! Kisha nikaenda kwa Daktari nikaweka faili mbele yake, nikasimama, sikuondoka. Akasoma. Akasaini rufaa.

Nilitoka nikajifungia stoo, kati ya maboksi ya glavu. Kwa nini sikuandika hivi Januari? Mistari minane. Dakika tatu. Wino ule ule.

Jumamosi, 3 Mei

Majibu ya tezi: saratani imefika. Wanasema kuna tiba ya mionzi, ya kuchoma kwa mashine, wanasema umri wake si mkubwa sana, wanasema tusikate tamaa. Maneno ya kumpa mtu aliyekwisha kaa chini.

Mjomba yuko dukani. Hakai nyumbani. Anakaa kiti cha wateja, bandeji kama ngumi ya bondia, anamwelekeza fundi viatu namna ya kuwanyoa wateja! Fundi viatu anasema kichwa ni kiatu tu kilichogeuzwa. Mteja wa kwanza katoka na ngazi tatu kisogoni.

Kila anayeingia anaambiwa habari yangu. Huyu ndiye mtoto wangu, muuguzi, aligombana na daktari mbele ya watu, akaiba muhuri kwa ajili yangu. Wananipa mkono. Mama mmoja kanikumbatia. Nimesimama napokea pongezi kama bibi harusi.

Nimejaribu kumwambia. Naapa nimejaribu. Nikasema Mjomba, kuna jambo kuhusu faili. Akasema najua, mwanangu, najua, hilo tutalishughulikia, ngoja nipate nguvu.

Sikuelewa alichomaanisha.

Jumatano, 7 Mei

Sasa naelewa. Anataka kulalamika kwenye baraza la madaktari. Baba Mapacha kamshauri. Mume wangu mwenyewe! Anasema haki lazima itafutwe, wangapi wengine wamegandishwa hivyo.

Nikamwambia Baba Mapacha usiku — hapana, jioni, watoto walikuwa bado macho — nikamwambia ni mimi niliyeandika. Yote kumi na moja. Akaweka kijiko chini. Akaniuliza kwa nini. Nikasema sijui. Kwa sababu Daktari alisema ni chunjua. Kwa sababu mistari ni midogo na foleni ni ndefu. Kwa sababu niliogopa nikiandika kitakuwa kweli.

Hakunilaumu. Akasema tu: mwambie wewe, kabla hajaambiwa.

Jumapili, 11 Mei

Naandika haya dukani kwa Mjomba, kwenye meza ya vichanuo. Duka limefungwa Jumapili lakini mlango uko wazi, na mteja wa zamani kapita kumpa pole. Wanaongea kizingitini. Nina dakika chache.

Nilikuja kumwambia. Nilijifunza maneno njia nzima. Nikaingia, nikamkuta kavaa shati safi, kaniwekea kiti, kalamu mpya na karatasi tatu. Akasema afadhali umekuja, Sindano, mimi mkono huu haushiki kalamu, niandikie barua.

Nikakaa. Ningesema nini? Nikakaa.

Akaanza kuniambia ya kuandika, taratibu, anatembea kutoka kioo mpaka mlangoni. Jina lake, kazi yake, miaka ya kazi. Kwamba alikwenda zahanati mara kumi na tatu. Kwamba kila mara alisema inauma. Kwamba damu ilionekana tangu Januari, na aliyekuwa akimhudumia aliiona. Hapo akasimama, akasema hapana, usiandike hivyo, watadhani nakusema wewe. Andika, *zahanati iliiona.*

Nikaandika.

Kisha akasema: "Sasa lile la hakuna mabadiliko. Mara kumi na moja. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Daktari kukosea, sawa, binadamu. Lakini mtu akae, aone nyama inaoza, achukue kalamu, aandike hakuna mabadiliko? Huyo nataka jina lake. Liandikwe humu."

Nikaanza: "Mjomba…"

Akasema ngoja. Akafungua mtoto wa meza, akatoa bahasha ya kaki. Karani wa mapokezi kampa nakala ya faili juzi alipoomba, ni haki yake. Hajaifungua. Alikuwa ananisubiri mimi, kwa sababu miwani yake inamsumbua na mimi nawajua wote pale, nitautambua mwandiko ni wa nani.

Ndipo mteja akabisha hodi.

Bahasha iko hapa, karibu na kiwiko changu. Haijagundishwa, imekunjwa tu mdomo. Mjomba ndiye aliyenifundisha kuandika, kwenye meza hii hii, akinishika mkono na dole gumba lake juu ya langu. Kuutambua mwandiko wangu hatahitaji miwani.

Sijaigusa. Kwenye barua, baada ya maneno *aliyeandika hayo ni*, kuna nafasi nyeupe. Nimeweka kalamu hapo mara mbili, ikaacha nukta mbili za wino.

Mteja anaaga. Mjomba anamwambia Mungu akubariki, anamnyooshea mkono wa kushoto. Anafunga mlango. Anarudi, anavuta kiti, anauliza tulikuwa tumefika wapi